Paka wenye vidole vya ziada: asili yao, tabia yao na namna ya kuwalea

Msomaji wetu mmoja wa Tabata, jijini Dar es Salaam, ametuandikia kwamba paka wake amezaa watoto wanne ambao sasa wametimiza wiki tatu, na kwamba wawili kati yao wana vidole sita katika kila mguu wa mbele, ingawa miguu ya mama yao ni ya kawaida. Jirani amemshauri awatupe hao wawili kwa kuwa ni mkosi na watakua wakali. Binti yake naye amesoma kwenye simu kwamba paka wa namna hiyo ni wapole na wana akili kuliko wenzao. Anauliza paka hawa wametoka wapi, tabia yao itakuwaje, na kama vidole vya ziada vikatwe.

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali lako, na kabla ya lolote nakuomba usimtupe hata mmoja wao. Jirani yako na binti yako wamefikia majibu yanayopingana, lakini wote wawili wameitafuta tabia ya paka mguuni, na mguuni haimo. Kidole cha ziada kinatueleza jambo moja tu, nalo ni jinsi mguu ulivyoumbika tumboni. Ukali au upole una vyanzo vyake vingine, na kwa bahati nzuri umeuliza mapema: paka wa wiki tatu ndiyo kwanza anaanza kujenga tabia, kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu la swali lako iko mikononi mwako.

Tuanze na mguu wenyewe. Paka wa kawaida ana vidole 18, yaani vitano katika kila mguu wa mbele na vinne katika kila mguu wa nyuma. Kile cha tano cha mbele ni gumba, ambalo limekaa juu kidogo upande wa ndani na haligusi ardhi anapotembea, ndiyo maana watu wengi wakihesabu haraka huona vinne tu. Mchukue mmoja wa hao wawili, mlaze mapajani, ubonyeze unyayo wake taratibu mpaka kucha zichomoze, kisha uhesabu kutoka upande wa nje kwenda ndani. Utakuta vile vidole vinne vya kukanyagia vipo mahali pake, na kilichoongezeka kiko upande wa gumba. Mara nyingine gumba limekuwa mawili, na mara nyingine limerefuka likapata pingili tatu badala ya mbili, likasimama pembeni kiasi kwamba mguu unaonekana mpana. Miguu ya nyuma huongezeka vidole mara chache zaidi, na kwa kawaida hutokea hivyo kwa paka ambaye miguu yake ya mbele nayo imeongezeka.

Kidole hicho kina mfupa, kiungo, kano na ukucha wake. Nalisisitiza hili kwa sababu hapa kwetu tumezoea habari ya mtoto mchanga anayezaliwa na kidole cha sita kando ya kidole cha mwisho, ambacho mara nyingi hakina mfupa, na wapo wanaokifunga kwa uzi mpaka kikauke na kudondoka. Tafadhali usimfanyie hivyo mtoto wa paka. Uzi utakata damu kwenye kidole chenye mfupa hai, nyama itaoza, usaha utapanda mguuni, na unaweza kumpoteza mnyama ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Kidole cha ziada hukatwa pale tu kinapomuumiza paka au kinaponasa kila mara, na kazi hiyo hufanywa na daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi. Paka wengi wa aina hii huishi mpaka uzee bila kuhitaji upasuaji.

Sasa kidole hiki kinatokeaje? Mimba inapokuwa changa, kila mguu huanza kama kichomozo kidogo kisicho na vidole. Upande ambako kidole cha mwisho kitaota hutengenezwa protini iitwayo Sonic hedgehog, ambayo huenea ndani ya kichomozo kama moshi wa udi uliofukizwa kwenye kona moja ya chumba: mzito karibu na chetezo, hafifu upande wa pili. Seli husoma wingi wa protini hiyo pale zilipo na kuamua zitakuwa kidole gani, na gumba huota mahali ambako protini hiyo haifiki. Sehemu ya DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyoandikwa kama kwa herufi ndani ya seli, inayoamua protini itengenezwe upande gani inaitwa ZRS, na jambo la kustaajabisha ni kwamba haiko karibu na jeni ya protini hiyo, bali iko umbali wa takribani herufi milioni moja za DNA, katikati ya jeni nyingine kabisa iitwayo LMBR1. Kwa paka wenye vidole vya ziada, herufi moja tu ya sehemu hiyo imebadilika, na kwa sababu hiyo protini hutengenezwa hata upande wa gumba, ambako haikutakiwa kuwapo. Mguu hutii amri hiyo na kuongeza kidole.

Mwaka 2008 Laura Lettice na wenzake wa Edinburgh walieleza mabadiliko matatu tofauti ya namna hiyo, moja likiwa la paka wa Marekani na mawili ya paka wa Uingereza. Maana yake ni kwamba sifa hii haina babu mmoja wa paka wote duniani, kwani imezuka zaidi ya mara moja na mahali tofauti. Sehemu hiyohiyo ya ZRS ikibadilika kwa binadamu, naye huweza kuzaliwa na vidole vya ziada upande wa gumba, na kwa nyoka sehemu hiyo imepoteza nguvu yake, jambo ambalo wanasayansi wamelihusisha na kutoweka kwa miguu yao. Naona hayo yatosha kumjibu jirani yako kuhusu mkosi. Ni herufi moja katika kitabu kirefu mno, na haina uhusiano na mtu yeyote wa mtaani kwenu wala na jambo lolote lililotendeka nyumbani kwako. Kwa wasomaji Waislamu naongeza kwamba paka si najisi katika mafundisho yao, kiasi kwamba maji aliyokunywa paka yanafaa kutawadhia, na sijui fundisho lolote linalomtenga paka kwa idadi ya vidole vyake. Aidha, nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, na kumtupa jalalani mtoto wa paka asiyeweza kujilisha ni kumtesa.

Umeshangaa kwamba mama yao ni wa kawaida. Sifa hii ni tawala, yaani mtoto akiirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu inatosha kujitokeza. Mzazi mwenye nakala moja ya jeni iliyobadilika humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu, kwa hiyo wawili kati ya wanne ni hesabu ya kawaida kabisa. Ikiwa mama ana vidole 18, inaelekea sifa imetoka kwa baba, pengine dume fulani wa mtaani ambaye hamjawahi kumwangalia miguu. Kumbuka pia kwamba paka jike huweza kupandwa na madume kadhaa katika joto moja, na watoto wa uzao mmoja wakawa na baba tofauti. Msingi huu wa urithi ulianza kuandikwa kabla watu hawajajua neno jeni: mwaka 1883 Edward Poulton wa Uingereza alichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wake wa paka wenye vidole vya ziada waliorithishana sifa hiyo kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1947 Mmarekani Charles Danforth akaonyesha kwa uzalishaji wa makusudi kwamba sifa hiyo ni tawala.

Idadi yenyewe hubadilika hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna walichunguza paka 375 wa aina ya Maine Coon wenye sifa hii na kukuta kwamba waliokuwa wengi zaidi ni wenye vidole 20 kwa jumla, kama walivyo hao wako wawili. Kadiri idadi inavyopanda, paka hupungua. Rekodi ya dunia iliwekwa na paka wa Kanada aitwaye Jake, ambaye mwaka 2002 alihesabiwa vidole 28, saba katika kila mguu.

Kuhusu historia yao, mahali panapotajwa zaidi ni pwani ya mashariki ya Marekani, hasa mji wa bandari wa Boston. Mtaalamu wa urithi Neil Todd aliandika katika miaka ya 1960 na 1970 kuhusu mtawanyiko wa paka na njia za biashara, na alionyesha kwamba paka wenye vidole vya ziada walikuwa wengi Boston na pia katika sehemu za Nova Scotia, Kanada, ambazo wakazi na vyombo vyake vilikuwa na uhusiano wa karibu na Boston. Paka hasafiri mbali kwa miguu yake. Husafirishwa na watu, na kwa karne nyingi chombo kilichowasafirisha kilikuwa meli, kwa sababu panya huharibu shehena, kamba na chakula, na nahodha mwenye busara hakutweka tanga bila paka. Mabaharia walishika imani kwamba paka mwenye vidole vingi huleta heri, hukamata panya vizuri zaidi na husimama imara chombo kinapoyumba. Hayo ya heri na ya panya hayajathibitishwa, lakini imani yenyewe ilikuwa na matokeo ya kweli, kwa kuwa paka anayependelewa hupewa nafasi melini, hulishwa, huzaa bandarini anakoshushwa, na sifa yake huenea.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana habari hiyo. Ukienda Soko la Feri alfajiri, wakati ngalawa na boti zinashusha samaki, utawaona paka wakingoja matumbo na vichwa vya samaki miguuni mwa wachuuzi, na mji huu umepokea majahazi na meli tangu ulipoanza. Sifa ya hao watoto wako ingeweza kufika kwa njia hiyo, au ikazuka upya hapahapa, kama ilivyozuka kwingine.

Paka mashuhuri kuliko wote wa aina hii ni wale wa Key West, Florida, katika nyumba aliyoishi mwandishi Ernest Hemingway katika miaka ya 1930. Makumbusho ya nyumba hiyo husimulia kwamba nahodha aitwaye Stanley Dexter alimpa mwandishi paka mweupe mwenye vidole sita, akaitwa Snow White, na kwamba paka wa leo ni uzao wake. Wako paka wapatao 50 hadi 60, karibu nusu yao wakiwa na vidole vya ziada, na kwa ajili yao mabadiliko ya jeni ya paka wa Marekani yamepewa jina la Hemingway. Serikali ya Marekani ilipotaka kuwasimamia kwa mujibu wa sheria ya wanyama wa maonyesho, makumbusho yalikwenda mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ya rufani ikaamua kwamba serikali ina mamlaka hayo. Kimbunga Irma kilipopiga mwaka 2017, wafanyakazi walijifungia ndani ya nyumba hiyo pamoja na paka wote, na wote wakasalimika. Rais Theodore Roosevelt naye alikuwa na paka wa vidole sita Ikulu ya Marekani, aliyeitwa Slippers.

Nimekutajia paka wa Key West kwa sababu wanatusaidia kufika kwenye tabia. Anayewatembelea hurudi akisema kwamba paka wa vidole sita ni wapole ajabu, hulala njiani na kujiachia washikwe na wageni. Ni kweli ni wapole, lakini pale nusu ya paka wana vidole vya kawaida, na upole wao ni uleule. Wote wamezaliwa katikati ya watu, wakashikwa na mikono mingi tangu wakiwa wadogo. Hata katika nyumba ya kawaida, mtoto wa paka mwenye mguu wa ajabu ndiye anayebebwa na kila mgeni anayetaka kuuona, na kwa kubebwa huko anazoea watu kuliko ndugu zake. Binti yako amesoma maneno ya watu walioona jambo la kweli wakakosea chanzo chake. Wengine huchanganya pia na asili za paka: Maine Coon, ambao sifa hii huonekana kwao, na Pixie-bob, ambao kanuni za wafugaji wake zinaruhusu mpaka vidole saba kwa mguu, husifiwa kwa utulivu, na sifa hiyo ikaishia kupewa kidole.

Habari ya akili nayo ina chanzo chake. Paka mwenye gumba lililorefuka huweza kushika kitu kidogo baina ya vidole vyake, kuinua mfuniko au kuvuta mlango wa kabati, na anayemtazama huona kama anatumia mkono. Huo ni wepesi wa mguu. Hakuna kilichoongezeka kichwani.

Ukali ambao jirani yako anauhofia huanza mara nyingi kwenye ukucha. Ukucha wa kidole cha ziada haukanyagi wala haukwaruzi mti, kwa hiyo hauchakai, na mara nyingine haurudi vizuri ndani ya ala yake. Paka huyo hunasa kwenye kanga au shuka bila kukusudia, na mwenye nyumba husema amekwaruzwa. Kibaya zaidi, kati ya gumba na kidole cha ziada huwa na mfereji mwembamba uliofunikwa na manyoya, na ukucha unaoota humo hujipinda mpaka ncha yake inaingia kwenye nyama ya unyayo. Paka mwenye kidonda kama hicho akishikwa mguu atauma, na mtu asiyeuona mfereji huo atasema amebadilika tabia. Katika kazi yangu, paka wa vidole vingi anayeletwa kwa malalamiko ya ukali humkagua miguu kwanza, kabla ya kumuuliza mwenye paka swali lolote.

Basi tabia hutoka wapi? Uchunguzi wa Eileen Karsh wa Marekani na wa wengine waliofuata umeonyesha kwamba kati ya wiki ya pili na ya saba ya umri, mtoto wa paka hujifunza nani ni rafiki. Anayeshikwa na binadamu kila siku katika wiki hizo hukua akiwafuata watu. Asiyeguswa mpaka wiki ya nane huwa mwoga, na mwoga akibanwa kona hupigana. Aliyeshikwa na watu kadhaa huwazoea wageni kwa urahisi kuliko aliyeshikwa na mmoja tu. Kuna pia urithi wa kweli wa tabia: mwaka 1995 Sandra McCune alionyesha kwamba watoto wa dume jasiri na mpole huwa jasiri zaidi mbele ya watu na vitu vipya, ingawa baba paka hashiriki kuwalea. Utaona kwamba baba yuleyule aliyetoa vidole anaweza kuwa ametoa na sehemu ya tabia, lakini hivyo ni virithi viwili tofauti, na mtoto anaweza kupata kimoja akakosa kingine.

Kwa kuwa hao wako wana wiki tatu, una kama wiki nne za thamani kubwa. Washike wote wanne kila siku, nusu saa au zaidi kwa jumla, ukigawa katika vipindi vifupi mama yao akiwa karibu na ametulia. Mwache binti yako awashike, na kaka zake, na hata jirani akikubali. Wasikie redio, blenda, bodaboda zinazopita na jenereta umeme unapokatika, kwanza kwa mbali. Hao wawili waguse miguu kila siku, utenganishe vidole kimoja kimoja, na ubonyeze ukucha utoke kisha urudi, ili wakiwa wakubwa wasione ajabu unapowakata kucha.

Ukaguzi wa kucha uwe kila baada ya wiki mbili au tatu maisha yao yote. Tumia kikata kucha chenye makali, tazama kwenye mwanga ile sehemu ya waridi yenye damu iliyomo ndani ya ukucha, na ukate ncha nyeupe tu. Kwa ukucha mweusi kata kidogo sana. Ukucha wa mfereji ndio uanze nao. Ukikuta umeshaingia kwenye nyama, usiung'oe mwenyewe, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wala usikubali mtu akushauri kung'oa kucha zote, kwani huko ni kukata pingili ya mwisho ya kila kidole.

Jambo moja la kuchunguza wiki hii hii: angalia kama miguu yao ya mbele imenyooka na ina urefu sawa na ya ndugu zao. Kuna kasoro nyingine, ambapo mfupa mmoja wa mguu wa mbele hukua mfupi au kukosekana, na paka huyo naye huweza kuwa na vidole vya ziada. Huyo hutembea kwa kujikokota, mguu umepinda ndani, na hafai kuzaa. Ukiona dalili hiyo, apigwe picha ya mionzi. Miguu ikiwa imenyooka na wanaanza kutembea kama wenzao, huna la kuhofia.

Chanjo za kwanza zianze wakiwa na wiki sita hadi nane, na ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu. Kabla ya wiki ya nane usimgawie mtu yeyote mtoto, na utakapowagawa hao wawili, mwonyeshe anayemchukua ule mfereji wa ukucha kwa kidole chako mwenyewe. Mama yao afungwe kizazi mara watoto watakapoacha kunyonya, maana anaweza kushika mimba nyingine hata kabla hawajaachishwa.